Kamba ya katani

Jumapili nilikuwa nafumua nywele za binti yangu. Alisokotwa twisti, nyuzi mbili mbili, na kwa kuogopa kuvutwa akawa anabana ncha ya kila msokoto kwa vidole vyake. Nikaanzia kwenye shina, maana ncha hakuniachia.

"Mama," akasema, "mbona ukiachanisha huku, kule mbele kunakaza?"

Chanuo likabaki hewani. Swali hilo nilikutana nalo Tanga mwaka 2001, kidato cha sita, na jibu lake nililipata kwa ngozi ya vidole.

Maabara yetu haikuwa na kielelezo cha DNA, zile nyuzi mbili zilizosokotana zinazobeba urithi ndani ya seli. Mwalimu wa bayolojia akaenda nyuma ya bweni, akafungua kamba ya kuanikia nguo, ya katani, iliyosokotwa kwa mkono nyuzi mbili. Ncha moja akaifunga kwenye nondo za dirisha. Ncha ya pili akaichambua kidogo, akawapa wenzangu wawili, kila mmoja uzi wake. Mimi akanisimamisha pale nyuzi zinapokutana, akanimiminia mahindi kiganjani.

"Wewe ndiye helikesi, kimeng'enya kinachoachanisha nyuzi za DNA. Tembea."

Nikapenyeza kidole gumba kati ya nyuzi nikaanza kusukuma kuelekea dirishani. Kila hatua alinidai punje moja ya hindi. Hiyo ni ATP, nishati ya seli, akasema, helikesi haitembei bure. Kuna mahali kamba iliachia upesi, kuna mahali ilikataa. "Palipolegea ni herufi za DNA A na T, wameshikana kwa vifungo viwili vya haidrojeni. Palipokaza ni G na C, wao vitatu." Akatuambia kwamba kwenye bakteria wa E. koli uma ule, pale nyuzi zinapoachana, hufunguka kwa kasi inayofikia herufi 1,000 kwa sekunde.

Hatua ya nne, kamba ikabadilika. Kule mbele sikuwa nimekugusa kabisa, lakini kulikuwa kumekaza kama waya. Msokoto niliokuwa naufungua haukuwa unapotea. Ulikuwa unahama, unarundikana mbele yangu. Kamba ikaanza kujipinda juu ya yenyewe, ikatoa vifundo kimoja baada ya kingine, hadi karibu na nondo. Niliendelea kusukuma. Katani ikanichana, damu ikachuruzika pembeni ya ukucha, na wenzangu walioshika nyuzi wakanyamaza. Bado nainusa ile kamba: jua, sabuni ya kufulia, na ule uchachu wa mkonge ambao mtu wa Tanga haambiwi ni nini.

"Mwalimu, haiendi."

Akaja na wembe. Mbele kidogo ya kidole changu akakata uzi mmoja, mmoja tu. Kamba ikazunguka mara tatu, mara nne, ikalegea mkononi mwangu kama kitu kilichoshusha pumzi. Kisha akaufunga uzi ule kwa fundo. "Huyu ni topoisomerasi. Hukata, huacha msokoto ujifungue, huunga. Bila yeye, helikesi huishia pale ulipoishia wewe."

Yaliyofuata sikuyasikiliza vizuri: kwamba RNA, nakala ya maelekezo ya DNA, ingawa ni uzi mmoja, hujikunja ikashikana yenyewe kwa yenyewe, na zipo helikesi za kuinyoosha ili ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, ipate kuisoma. Niliandika. Sikuuliza inakuwaje helikesi yenyewe ikiwa na kasoro.

Nilikuja kulijua hilo chuoni, usiku, nikisoma habari za XPD. Hiyo ni helikesi inayofungua kipande kifupi tu cha DNA, kama herufi 30 hivi, kuzunguka mahali palipoharibiwa na jua, pale miale ya urujuanimno ilipozigandisha herufi mbili zilizo jirani. Ikishafungua, vimeng'enya vingine hukata kipande kibovu na kukijaza upya. Mtoto aliyerithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia anaukosa ukarabati huo. Ugonjwa wake unaitwa zeroderma pigmentosamu, XP. Madoa usoni mapema sana. Macho yasiyostahimili mwanga. Saratani ya ngozi utotoni.

Nilifunga kitabu. Nilikuwa namwona mdogo wangu, yule wa mama mdogo. Hakuwa na ualbino, alikuwa mweusi kama sisi, lakini uso wake ulijaa madoa na midomo ilimchanika, na mchana alikuwa akificha macho kwenye kanga ya mama yake. Hakufika darasa la tatu. Watu walisema walichosema. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba kila asubuhi kumwotesha jua, kwa sababu bibi alituambia jua hukausha vidonda.

Hakuna aliyempima. Jeni za XP ni kadhaa, na si zote ni za helikesi. Huenda haikuwa XP hata kidogo. Mara moja nilijaribu kumweleza mama mdogo, nikidhani nitamwondolea yale maneno ya uchawi aliyoishi nayo. Nilipofika kwenye kurithi, kwa baba na kwa mama, akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo ni mimi, mwanangu?" Nikamwambia hapana. Nikajaribu kueleza upya, nikaona kila sentensi inamkaza zaidi, nikamshika mkono tukanyamaza. Mpaka leo hatujalirudia.

"Mama?"

Nikamwambia binti yangu aachie ncha. Akaachia. Msokoto ukazunguka, ukalegea, nikaumaliza, nikachukua mwingine. Tulipomaliza nikamwosha, akaniomba akaanike nywele juani. Nikamwambia nenda. Nikasogeza kigoda mlangoni, nikakaa namtazama mpaka zikakauka.