Karatasi ya Majina

Kwetu Ujiji mtoto huanza kulijua neno makumbusho kabla ya kumbukumbu. Makumbusho ni pale penye miembe, Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Sisi tulikwenda kuokota maembe, nami nikajua hivyo tu: ni mahali pa Wazungu waliokufa zamani. Haikunijia kwamba ndani yake mna kumbusha, na ndani ya kumbusha mna kumbuka.

Siku ya arobaini ya babu nilikuwa darasa la nne. Uani wanaume walikuwa wanakoka moto wa pilau, harufu ya ubani imejaa hadi barazani. Bibi akaniita chumbani, akanipa kalamu na karatasi niliyoichana kwenye daftari langu la hesabu.

"Andika, mume wangu. Shehe atawarehemu wote pamoja na babu yako."

Bibi hakujua kusoma. Aliketi mkekani, akaanza kutaja marehemu wa nyumba yetu, kila jina na pingili yake: kidole gumba kinapanda kutoka kidole cha shahada, pingili tatu, kinahamia kingine, mpaka kidole cha mwisho. Vidole vinne, pingili 12. Alipomaliza akaniambia nimsomee. Nikasoma, naye akahesabu upya. Nikanyamaza, na gumba lake likabaki limesimama, pingili moja haijaguswa.

"Umemwacha mmoja," akasema. "Ibuka."

Bibi alizaliwa Burundi, akaolewa Ujiji. Kirundi kilimtoka pale tu jambo lilipomgusa sana. Nikamuuliza ibuka ni nini.

"Kwibuka ni kukumbuka. Anayekumbukwa hutajwa. Mtaje."

Sikuweza. Alipokuwa akilitaja jina lile mimi nilikuwa nachungulia dirishani, naangalia masufuria. Ikabidi alirudie mwenyewe, silabi moja moja, polepole, ili mkono wangu umfikie. Lilikuwa jina la mtoto wa kike, mzaliwa wake wa kwanza, aliyefariki kabla baba yangu hajazaliwa. Sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Hapa sitaliandika, ni lake.

Miaka mingi baadaye, kila Aprili 7, nikisikia redioni Wanyarwanda wakisema Kwibuka kwa ajili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994, ninauona mkeka ule. Na ustadhi wangu wa madrasa ndiye aliyenieleza kwamba dhikri ya Kiarabu, hii tunayoiita zikiri, ni kukumbuka na ni kutaja, yote mawili katika neno moja. Akanisomea aya ya 152 ya Suratul Baqara: "Basi nikumbukeni, nami nitakukumbukeni." Nikashangaa sana, maana bibi hakuwa na Kiarabu zaidi ya kile cha sala, na maana hiyohiyo alinipa yeye kwanza, kwa lugha ya mama yake.

Alasiri shehe alifungua karatasi yangu. Mwandiko ulikuwa mbaya, na jina la mwisho nilikuwa nimelibana pembeni kabisa. Wanawake walikuwa ndani, nyuma ya pazia, nami nimeketi miguuni pa bibi. Shehe akataja, watu wakaitikia. Sikumtazama bibi usoni, nilitazama mkono wake. Jina la 11 likapita. Shehe akaisogeza karatasi karibu na macho, akasita kidogo, kisha akalitaja sawasawa, na gumba la bibi likashuka kwenye pingili ya mwisho.