Kutoka Ridgeways Hadi Ukuta wa Murang'a

Binamu yangu, ambaye hufundisha sanaa shule moja hapa Nairobi, alinipa sharti moja: ukitaka kumjua mchoraji Elimo Njau anza Ridgeways, lakini usiishie hapo. Nikapanda matatu namba 100 ya kwenda Kiambu. Makanga aliapa kwamba kimebaki kiti kimoja tu, na tukamsubiri mwenye kiti hicho mpaka wakaingia watu watano. Baada ya Muthaiga ubaridi wa msitu wa Karura ukaingia madirishani, na muda si mrefu nikashushwa Ridgeways.

Kituo cha sanaa cha Paa ya Paa kiko ndani kidogo, katika kijia chenye jina hilohilo. Njau, aliyezaliwa Marangu, Tanzania, mwaka 1932 na kusomea uchoraji Makerere, alikianzisha mwaka 1965 akiwa na wenzake, wakati huo kikiwa katikati ya jiji. Kauli yake inajulikana na kila anayemjua: usiige, kwani kuiga humlaza Mungu usingizi. Nilizunguka ua, nikatazama sanamu zilizosimama chini ya miti, kisha nikafikiria moto wa mwaka 1997 ulioteketeza nyumba na kazi nyingi zilizokuwamo. Anayekuja hapa akitarajia jumba la maonyesho lenye taa na vigae atavunjika moyo. Mimi sikuvunjika, ila nilianza kuelewa kwa nini binamu alinisukuma niendelee na safari.

Boda ikanifikisha Roysambu, na pale Thika Road nikadandia matatu ya Murang'a. Ruiru, Juja, Thika, mananasi pande zote, kisha Kenol tukaiacha barabara kuu na kushika ya Maragua. Hapo nchi inabadilika. Udongo unakuwa mwekundu, vilima vinapangana kimoja nyuma ya kingine, na migomba inashuka hadi kwenye mabonde. Niliyatazama hayo yote kivivu, kama abiria yeyote, bila kujua kwamba baada ya muda mfupi yangenifaa.

Kanisa kuu la Mtakatifu James, mjini Murang'a, lilijengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher. Kazi ya kuchora kuta akapewa Njau, kijana wa Kichaga ambaye hata miaka thelathini hakuwa amefikisha.

Mama mmoja aliyekuwa akipanga viti aliniangalia mara moja akajua.

"Umekuja kuona picha?"

"Ndio, mama. Nimetoka Nairobi."

"Karibu. Viatu pangusa hapo."

Picha ni tano, kubwa: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Wote waliomo ni Waafrika, na jambo hilo ndilo linalotajwa kila mtu anapozizungumzia. Ni kweli kwamba miaka ya hamsini hilo lilihitaji ujasiri. Lakini kilichonishika mimi ni ardhi. Ni nchi ileile niliyoipita na matatu. Mchoraji huyu mgeni hakuleta Bethlehemu ya kwenye kadi za Krismasi, wala hakuleta Kilimanjaro ya kwao. Alichora alichokikuta.

Nilipomwambia mama hivyo, alicheka. "Sisi tukiwa watoto, mahubiri yakirefuka, tulikuwa tunabishana kile kilima ni cha kina nani."

Sijasikia sifa ya uhalisia inayoizidi hiyo. Watoto hawabishani juu ya kilima cha kubuni.

Mbele ya Gethsemane ndipo nilipokaa sana. Kazi hii ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952 na kuondolewa mwaka 1960. Kwa Murang'a ya siku hizo, mtu kuzingirwa usiku kati ya miti na kuchukuliwa na wenye silaha hakikuwa kisa cha Yerusalemu pekee. Wapo waliouawa na wapiganaji, na hao ndio kanisa linawakumbuka. Wapo pia waliochukuliwa na serikali, na hao hawakujengewa kanisa. Sijui kama Njau alikusudia wote wawili wajione katika ukuta mmoja. Mimi niliwaona, na nadhani hapo ndipo kazi yake inapozishinda picha nyingi za dini nilizowahi kuziona nchini, zilizochorwa vizuri lakini hazina anwani.

Ukienda, nenda siku ya kazi, asubuhi, na uombe ruhusa ofisini kwanza. Jumapili utaziona vilevile, ila itabidi ukae ibada yote, na mama yule alinionya kwamba mahubiri bado hurefuka.