Nlivyozifahamu hesabu za kalorimetri: nani katoa joto, nani kapokea

Najua wengi wenu pepa zipo karibu kwaivo naenda moja kwa moja. Hesabu za kalorimetri, yaani za kupima joto linalohama, ziwe za chuma kwenye maji, ziwe za barafu, ziwe za asidi na besi, zote zimesimama juu ya jambo moja tu: joto lililotoka hapa limeingia pale. Fomula ya q = mcΔT kila mtu anayo (q ni joto, m ni masi, c ni jouli zinazotakiwa gramu moja ya kitu ipande nyuzi moja, ΔT ni tofauti ya jotoridi), hiyo haina tabu, tabu inakuja kwenye kujua hiyo m ni masi ya nani, c ni ya nani, na jotoridi lipi litolewe kwenye lipi. Mie nlisoma skuli hapa hapa Pemba, maswali yanakuja kwa Kiingereza mistari minne mitano, ukifika mwisho wa swali mwanzo wake ushakupotea, na nlichofanya mpaka mada ikanikalia sawa ni kuiweka kalkuleta pembeni kwanza nkaandika kwa Kiswahili changu: nani katoa, nani kapokea. Chini ya kila mmoja naweka masi yake, c yake, kaanzia nyuzi ngapi, kamalizia ngapi. Ukishajaza hivyo kilichobaki ni aljebra ya Fomu Wani.

Chukua hii. Kipande cha chuma gramu 50 kimetolewa kwenye maji yanayochemka, nyuzi 100, kikatiwa kwenye maji gramu 100 yaliyokuwa nyuzi 28. Watakutana nyuzi ngapi? Hizo ziite T. Aliyetoa ni chuma: 50 × 0.45 × (100 − T). Aliyepokea ni maji: 100 × 4.18 × (T − 28). Angalia mabano hayo, kila upande dogo linatolewa kwenye kubwa, kwaivo pande zote mbili ni chanya na huna haja ya kugombana na alama. Ziweke sawa, 2250 − 22.5T = 418T − 11704, T inakuja 31.7. Wengine wanaandika q ya chuma ni sawa na hasi q ya maji, nayo ni sahihi na jibu ni hilo hilo, ila anayeanza mie namwambia aende na mabano. Na habari ya kelvini: tofauti ya nyuzi 10 za selsiasi ni kelvini 10 hizo hizo, usiiongezee 273.

Sasa mtoto wa mamaangu mdogo, yuko Fomu Thrii, siku namuelekeza hesabu hii akaniuliza swali ambalo kwangu mie ndo roho ya mada yote. "Kaka, hicho chuma kimechemka mpaka 100, mbona maji hayakupanda hata nyuzi nne?" Nkamwambia inuka twende jikoni tukaone kama ni kweli.

Nati kubwa ya gari tulipewa na fundi wa hapo mtaani, tukaenda kuipima kwenye mizani ya dijitali ya jirani yetu anayeoka keki, ikaja gramu 58. Temomita niliazima kwa mwalimu. Vikombe viwili vya plastiki kimoja ndani ya chengine ili joto lisitoroke, maji gramu 100, nyuzi 28, mana maji ya mfereji kwetu ndo ubaridi wake huo. Nati tukaifunga uzi tukaiacha ichemke kwenye sufuria kwa muda mpaka joto likaingia hadi katikati, mama kasimama mlangoni anasema sufuria hiyo mkimaliza mnioshee nataka kutia mchele. Kabla ya kuitia kwenye kikombe nliikung'uta kidogo, na hapa nataka mtu aweke akili yake yote, kwa sababu gramu moja tu ya maji ya moto ikihama na nati ikaingia kwenye kikombe inakwenda na jouli kama 284, ambayo ni karibu sehemu moja ya sita ya joto lote tulilokuwa tunalipima. Gramu moja! Matone machache tu. Lakini na ukikaa unaikung'uta sana nayo inapoa hewani, kwaivo ni kung'uta mara moja, haraka, ndani.

Maji yakapanda hadi 32 yakasimama. Mdogo wangu akapiga mwenyewe: maji yamepokea 100 × 4.18 × 4, jouli 1672. Nati imeshuka nyuzi 68, kwaivo c = 1672 ÷ (58 × 68), inakuja 0.42. Kitabuni chuma ni 0.45. Kwa vikombe vya plastiki na jiko la mkaa mie naliona hilo ni jibu zuri sana, na hata upungufu wake unajieleza: kuna joto nati imelipoteza njiani kabla haijaingia kwenye maji, na jengine limeliwa na kikombe na temomita, wote hao sisi hatukuwahesabu kwenye waliopokea.

Na swali lake likajibika hapo hapo. Gramu moja ya maji inataka jouli 4.18 ndo ipande nyuzi moja, gramu moja ya chuma 0.45 tu, shaba 0.385, risasi kama 0.13. Maji ni mazito wa kupanda na mazito wa kushuka. Ndo maana usiku nchi kavu inapoa haraka na bahari bado ina joto lake, na wavuvi wanapata umande, ule upepo unaotoka nchi kavu, wa kuwatoa asubuhi. Kwenye mtihani jambo hili lina faida kubwa: chuma kidogo kikitiwa kwenye maji mengi, jibu lazima likae karibu na jotoridi la maji. Ukipata 64, rudi nyuma, usiendelee.

Yale maswali ya "metali isiyojulikana" yana njia nzuri ya kujihakikishia. Wafaransa wawili, Dulong na Petit, mwaka 1819 waliona kwamba ukizidisha c ya metali na masi yake ya atomiki unapata karibu namba ile ile, kama jouli 25 kwa moli (idadi maalumu ya atomi) kwa nyuzi moja. Jaribu: chuma 0.45 × 55.8 ni 25.1, shaba 0.385 × 63.5 ni 24.4. Risasi c yake ni ndogo kwa sababu atomi zake ni nzito, gramu moja ina atomi chache. Kwaivo ukipata c ya 0.39, gawa 25 kwa hiyo, inakuja kama 64, moja kwa moja unaikisia shaba.

Barafu inataka utulivu kidogo, mana aliyepokea kapokea mara mbili. Kwanza kayayuka, jouli 334 kila gramu na jotoridi halijasogea hata kidogo (Joseph Black alilishughulikia hili Glasgow miaka ya 1760, kutenganisha joto na jotoridi), halafu yale maji yake ya nyuzi sifuri ndo yanaanza kupanda. Barafu gramu 20 ndani ya maji gramu 200 ya nyuzi 30: 200 × 4.18 × (30 − T) = 20 × 334 + 20 × 4.18 × T. Jibu 20.0. Kile kipande cha 20 × 4.18 × T ndo watu wanakiruka. Kalorimita ya bomu, kile chombo kilichofungwa cha kuchomea kitu ndani yake, ndo nyepesi kuliko zote, uwezo wake wanakupa tayari kwa kilojouli kwa nyuzi, unazidisha na tofauti ya jotoridi, umemaliza.

Asidi na besi: sentimita za ujazo 50 za HCl na 50 za NaOH, zote za moli 1 kwa lita, jotoridi linapanda kama 6.5. Aliyetoa hapa ni mmenyuko wenyewe, aliyepokea ni mchanganyiko wote, kwaivo masi ni 100 si 50. Joto ni 100 × 4.18 × 6.5, jouli 2717, ugawe kwa moli 0.05 unapata kilojouli 54 kwa moli, na unaweka hasi kwa sababu mmenyuko ndo uliotoa. Kitabuni ni kama hasi 57, hizo zilizopungua zimekwenda kwenye kikombe na hewani. Ukipata 27 na ushei, yaani nusu kabisa, basi ujue umetumia masi ya kikombe kimoja.