Cheti cha ndoa si kibali cha ukaazi

Unataka kufunga ndoa na mgeni hapa Dodoma na viza yake imeshaisha? Anzeni Uhamiaji, siyo kwa fundi wa shela.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai msajili apewe notisi siku 21 kabla, na notisi hutangazwa: majina yenu na mnapoishi. Watu wanasoma jamani! Kama aliwahi kuoa au kuolewa na wakaachana, hati ya talaka iwe mkononi, imetafsiriwa.

Cheti hakifuti siku alizozidisha nchini. Kibali huombwa peke yake. Halafu kuna upendeleo wa wazi: Sheria ya Uraia ya 1995 inamruhusu mke mgeni aombe uraia kupitia mumewe Mtanzania. Mume mgeni hana mlango huo.