Mogadishu, 1993: vifaru vilikuwepo, mwenye amri hakuwepo

Askari anapokea amri kwa mkubwa mmoja, na mkubwa huyo anawajibika kwa mmoja tu. Kila ofisa anaijua kanuni hii ya umoja wa kamandi, lakini mara nyingi huvunjwa mezani, operesheni inapopangwa.

Mogadishu mwaka 1993, jeshi la Umoja wa Mataifa lilikuwa chini ya Jenerali Çevik Bir wa Uturuki. Naibu wake, Meja Jenerali Thomas Montgomery, ndiye pia aliyekuwa kamanda wa majeshi ya Marekani nchini Somalia. Makomando wa Marekani walioongozwa na Jenerali William Garrison hawakuwa chini ya yeyote kati ya hao wawili. Waliwajibika kwa Jenerali Joseph Hoar, ambaye makao yake yalikuwa Tampa, Florida! Hata kikosi cha dharura cha Wamarekani, Montgomery aliruhusiwa kukitumia kwa mipaka tu.

Tarehe 3 Oktoba, helikopta ya kwanza ya makomando hao ilidunguliwa kama saa 10:20 jioni. Kikosi cha dharura kilijaribu kufika ilipoanguka kwa malori na magari mepesi, kikarudishwa kwa risasi. Deraya, yaani vifaru na magari ya kivita, zilikuwepo mjini humo humo, ila ni za Pakistani na Malaysia, kwa hiyo ilibidi ziombwe. Bandarini, askari wa miguu wa Malaysia walishuka kwenye magari yao, Wamarekani wakapanda, madereva wakabaki Wamalaysia: watu wasiozungumza lugha moja, wakipewa mpango gizani. Msafara uliondoka karibu saa 5:20 usiku. Saa saba zilikuwa zimepita tangu helikopta idunguliwe. Walikufa Wamarekani 18 na Mmalaysia mmoja.

Ujasiri haukupungua usiku ule, na hilo ndilo linaloniuma. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kusema "ondokeni" na vifaru vikaondoka.

Kwa hiyo amri ya operesheni iandike wazi: nani anaamuru, nani anashika nafasi yake akianguka, kikosi kipi kiko *chini ya amri* na kipi *kinasaidia* tu. Tofauti ya maneno hayo si ndogo. Anayesaidia bado ana mkubwa wake pembeni, na anaweza kuondolewa katikati ya mapigano. Taja pia saa ambayo kikosi cha kuazima kinahamia kwako na saa kinayorudi kwao, na masafa ya redio mtakayotumia wote. Kisha fanyeni zoezi pamoja mchana, kabla hamjahitajiana usiku.