Koki ilikuwa inadondosha hata baada ya kubadilisha washa
Alhamdulillah, koki ya uani hapa Isevya, Tabora, imekauka. Ilikuwa inadondosha mdomoni usiku kucha. Kuikaza hakukusaidia, wala tepu nyeupe. Tepu huzuia maji kwenye maungio tu. Nikafunga maji kwenye mita, nikafungua kichwa cha koki, nikaweka washa mpya ya nusu inchi, yaani kile kipande cha mpira cha duara kinachoziba maji ndani ya koki. Bado!

Kumbe shida iko chini ya washa. Kichwa kikiwa kimefunguliwa, ingiza kidole ndani ya koki: utagusa ukingo wa duara ambao washa hukalia. Wangu ulikuwa umeganda chokaa na chembe za mchanga, unakwaruza. Niliusugua kwa kitambaa chenye siki mpaka kidole kikapita bila kukwama, nikafungulia maji kidogo yatoe uchafu, nikayafunga, ndipo nikarudisha kichwa. Ukifunga koki usiikaze mno, mpira utakatika mapema.