Geji ya kijani haitoshi: mtungi wa kuzimia moto kwenye karakana ya uani

Karakana nyingi za nyumbani hapa Dar zinafanana. Banda la mabati uani, mashine ya randa, grenda, mashine ya kuchomelea, dumu la thina chini ya meza na maranda yaliyorundikwa pembeni yakisubiri mtu wa kuku aje kuyachukua. Ukutani umening'inia mtungi mwekundu. Muulize mwenye karakana kama unafanya kazi, atakuonyesha geji: mshale si uko kwenye kijani?

Mshale ule unasema jambo moja tu, kwamba ndani kuna presha. Hausemi kama poda bado ni laini au imeganda, wala kama njia ya poda kutokea iko wazi. Na wakati mwingine hata habari ya presha yenyewe ni ya uongo, kwa sababu geji nazo hukwama. Mtungi uzime moto, vitu vitatu viwe sawa kwa pamoja: presha, poda na njia. Kimoja kikikosekana, umening'iniza chuma.

Tuanze na mtungi wenyewe. Kwa karakana ya mbao au ya kuchomelea, chukua poda ya ABC ya kilo 6. Soma herufi kwenye lebo kabla ya kulipa (A ni moto wa vitu vigumu kama mbao, B wa vimiminika kama thina, C wa gesi), maana dukani mitungi ya ABC na ya BC hufanana kwa umbo na rangi. Poda ya BC kwa kawaida ni jamii ya magadi: inaua moto wa thina vizuri, lakini kwenye mbao na sponji moto unalala kidogo halafu unaamka. Poda ya ABC ina fosfeti ya amonia, ambayo ikipata joto huyeyuka na kulifunika kaa kwa utando, hivyo hewa hailifikii tena. Kwa seremala au fundi sofa, herufi A ndiyo ya kuangalia kwanza.

Kwenye mitungi iliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 3 utaona pia namba kama 21A 113B. Hiyo 113 ni lita za kimiminika kwenye sinia la majaribio ambalo mtungi wa aina hiyo uliweza kulizima. 21 ni urefu wa rundo la mbao lililowashwa kwenye majaribio, yaani mita 2.1. Namba ikipanda, uwezo unapanda. Mtungi usio na namba yoyote zaidi ya picha ya moto uache hapo hapo kaunta.

Kile cha kilo 1 cha kwenye gari kiache kwenye gari. Kinatoa poda kwa sekunde zisizofika 10, na nusu yake mtu aliyepaniki anaimwaga hewani. Kilo 6 inakupa kati ya sekunde 10 na 20. Nazo si nyingi, ila zinatosha kulizima dumu moja la thina ukiwa unajua unachofanya.

Mfuko ukiruhusu, ongeza mtungi wa CO2 (gesi ya kaboni dioksidi) wa kilo 2 kwa ajili ya meni swichi na mota. Poda huingia kwenye bearingi na kwenye koili, na kwa unyevunyevu wetu wa pwani hugeuka kuwa kitu chenye asidi kinachokula shaba polepole. CO2 haiachi uchafu. Ila ina masharti yake: ile pembe nyeusi ya kutolea gesi usiishike kwa mkono mtupu, kwa sababu gesi inatoka kwa baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, na katika chumba kidogo kilichofungwa inasukuma hewa ya kupumua nje. Piga, toka, fungua milango. Tena CO2 haina geji kabisa. Afya yake inajulikana kwa mizani tu: uzito wa jumla umechorwa kwenye valvu au shingoni, na gesi ikipungua kwa asilimia 10, yaani gramu 200 kwa mtungi wa kilo 2, unapelekwa kujazwa.

Mahali pa kuuweka ni mlangoni. Si juu ya meza ya kuchomelea wala kona ya thina. Ukiwa unaufuata mtungi uwe unaelekea kwenye njia ya kutokea, ili ukigeuka kuukabili moto, mlango uwe mgongoni mwako. Msumari uingie kwenye tofali au nguzo, si kwenye bati. Mkono wa kushikia uwe kama mita 1 kutoka chini, na kitako kisikae sakafuni hata kwa bahati mbaya: masika maji yakiingia bandani, kutu huanzia kwenye ile pete ya chini ambako hakuna anayechungulia. Usiupigishe jua. Mitungi mingi imeandikwa mwisho wa joto nyuzi 60, na kontena lililofungwa mchana wa Februari halichezi mbali na hapo.

Kuna wanaoufungia kabatini kwa kufuli wakiogopa wezi. Hofu naielewa, dawa siikubali. Jioni uingie nao ndani pamoja na grenda, asubuhi uwe wa kwanza kutoka, kabla mashine yoyote haijachomekwa. Na mbao za plaiwudi zisiegemezwe mbele yake. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye karakana za mbao, kuanzia Keko hadi za mitaani.

Ukaguzi wa kila mwezi

Chagua tarehe moja ya mwezi. Kazi nzima haimalizi dakika 10.

Anza na geji. Iguse taratibu kwa ukucha uone kama mshale unatikisika, kisha chora kwa kalamu ya maka mahali ulipo. Mwezi ujao ukiwa umeshuka chini ya alama, hata kama bado uko kwenye kijani, mtungi unavuja. Paka povu la sabuni shingoni na kuzunguka geji. Mahali penye viputo ndipo tatizo lilipo, na mara nyingi ni ile oringi ya mpira iliyokauka. Usijaribu kukaza shingo kwa spana. Ndani kuna presha ya baa 12 hadi 15, na kichwa kikichomoka kinaondoka na taya ya mtu.

Pili, uzito. Mizani ya bafuni inafaa, ya muuza duka jirani inafaa zaidi. Mtungi wa kilo 6 ukiwa umejaa una jumla ya kilo 9 hivi na kitu. Namba kamili iko kwenye lebo. Iandike kwenye kipande cha masking tepu uibandike nyuma. Ukipima na kukuta umepungua nusu kilo huku geji ikisema kijani, jua kwamba poda ilitumika na mtu akajazia upepo tu.

Tatu ni poda, na hapa usiwe na haraka. Ondoa mtungi ukutani, ugeuze kichwa chini miguu juu, kiganja kikiwa kwenye kitako. Poda nzima utaisikia ikiteremka ndani kwa mtiririko mmoja, kama mchanga mkavu kwenye chupa. Ukisikia kimya kwa sekunde mbili tatu halafu kishindo cha donge, imeshikana. Piga kitako kwa nyundo ya mpira, geuza tena mara kadhaa. Ikiachia na kutiririka, sawa, rudisha. Isipoachia, mtungi huo hauzimi kitu: utabana, itatoka gesi yenye vumbi kwa sekunde moja, basi. Mtikisiko wa mashine ya randa ukutani huishindilia poda siku hadi siku, na unyevu ulioingia wakati wa kujaza huigandisha. Ndiyo sababu nyingine ya kutoutundika kwenye ukuta ulioshikilia mashine.

Nne, njia. Manyigu wa udongo wanapenda sana tundu la mpira wa mtungi. Wakishaziba, kwa nje huoni kitu. Ingiza mwanga wa simu mdomoni. Ukiona udongo, utoe kwa kijiti laini na si kwa kupuliza. Kama mpira ulikuja na kifuniko chake cha plastiki, kirudishe, lakini tambara usitie, maana siku ya moto hakuna atakayekumbuka kulitoa. Kunja mpira kidogo uone kama una nyufa.

Mwisho pini. Ile sili nyembamba ya plastiki imewekwa ili ikatike kwa mkono. Ikipotea, mafundi wengi hufunga kwa waya wa kufungia nondo, halafu siku ya siku mtu anatafuta koleo. Usifunge waya. Zungusha pini uhakikishe haijaota kutu. Kutu ya juujuu kwenye mwili ifute. Ikiwa imechimba vishimo, hasa chini kwenye kitako, mtungi umeshastaafu. Usiupake rangi mpya. Rangi inaficha vishimo na kufuta lebo kwa pamoja.

Kujaza upya

Mara moja kwa mwaka upeleke kwa mtoa huduma, na hapa ndipo wengi tunaibiwa kwa heshima. Mtungi unapokelewa, unafutwa vumbi, unabandikwa stika yenye tarehe ya mwakani, unarudishwa. Stika si huduma. Kaa pale, tena na mizani yako ukitaka, na uangalie haya. Presha ikitolewa, mshale ushuke mpaka sifuri. Ukibaki juu, geji imekufa na ibadilishwe. Poda itoke kwenye mfuko uliofungwa, na iwe ya aina ile ile iliyoandikwa kwenye mtungi. ABC na BC hazichanganywi: zikikutana huzalisha gesi na maji, poda inaganda na presha inapanda yenyewe. Oringi iwe mpya. Gesi ya kusukuma iwe nitrojeni kavu kutoka kwenye silinda. Akikuletea mpira wa kompresa ya matairi, chukua mtungi wako uondoke, kwa sababu hewa ya Dar ya kompresa ni nusu maji. Kisha upimwe uzito mbele yako, kabla na baada.

Kiwango cha Marekani cha NFPA 10 kinataka mtungi wa poda upimwe nguvu kwa presha ya maji kila miaka 12, na wa CO2 kila miaka 5. Tarehe ya kutengenezwa imepigwa kwenye chuma chenyewe. Mtumba usiosomeka tarehe, usiununue.

Halafu kuna ule mtindo wa "ngoja nijaribu kidogo". Ukibana hata kwa sekunde moja, chembe za poda hubaki kwenye kiti cha valvu, valvu haifungi sawasawa, na presha inavuja usiku. Asubuhi mshale uko kwenye nyekundu. Ukiugusa umeutumia, upeleke kujazwa. Kama unataka kufanya mazoezi, na inafaa kila mtu wa nyumbani ayafanye, subiri siku ya kuupeleka huduma ndipo uumwage wote uani. Mwombe jirani aanue kanga zake kwanza.

Moto ukiwaka

Mtu mmoja apige 114, Zimamoto, na ataje alama zinazojulikana: baa, msikiti, kituo cha daladala. Usisubiri kwanza uone kama utauweza. Gari likitoka Kariakoo saa kumi na moja jioni kwenda Segerea, foleni unaijua. Zima meni swichi kama inafikika. Chomoa pini ukiwa hujabana kishikio, simama mita 2 au 3, elekeza kwenye shina la moto na ufagie kushoto na kulia ukisogea. Kwenye thina iliyomwagika usipige kwa karibu kutokea juu: mkondo wa poda unaitawanya ikiwa inawaka. Moto ukishapanda darini, achana nao, toka.

Maranda na vumbi la mbao ni kesi nyingine. Mkondo wa poda unalirusha vumbi hewani, na vumbi hewani linaweza kulipuka kwa mwako mmoja. Tena moto wa maranda hukaa ndani, chini ya majivu, kwa saa nyingi. Hapo dawa ni maji, kwa hiyo pipa la lita 200 na ndoo mbili vikae nje ya mlango, mradi umeme umezimwa. Betri za drili zisizo na waya nazo zinahitaji maji mengi, kwani poda inaua mwali wa nje huku betri ikiendelea kuchemka ndani. Kwenye mtungi wa gesi unaovuja na kuwaka, funga valvu kama unaifikia. Ukiuzima mwali bila kufunga, gesi inajaa bandani ikingoja cheche nyingine.

Baada ya kuzima, mmoja abaki akilinda mahali hapo kwa saa nzima. Poda isafishwe ikiwa kavu, kwa brashi na kwa kupuliza mota, siku hiyo hiyo kabla haijanywa unyevu. Ukianza na tambara lenye maji umetengeneza uji ndani ya swichi. Mtungi uende kujazwa, na mpaka urudi, grenda na mashine ya kuchomelea zikae bila kuchomekwa.